Mwongozo kamili: kutafuta sayari inayoweza kukalika kwenye data za TESS bila kuifuta mwenyewe

Nimeandika hii baada ya kuona watu wengi wanakwama palepale. Mtu anashusha data, anafuata mafunzo ya mtandaoni mstari kwa mstari, grafu inatoka safi kabisa kama meza, halafu anasema "nyota hii haina sayari". Kumbe sayari ilikuwepo, kaifuta yeye mwenyewe hatua ya tatu. Mwingine anaipata sayari kweli, anapiga hesabu anasema ni jitu la gesi linaloungua, kumbe ni kasayari ka saizi ya Dunia kenye joto la kawaida, ila alichukua vipimo vya nyota visivyo sahihi.

Kwa hiyo humu sielezi historia ya nani aligundua nini. Tunaenda moja kwa moja kwenye kazi: tunaanza na sayari kubwa rahisi ili mikono izoee, halafu tunaenda kwenye nyota inaitwa TOI-700, ambayo ina sayari za saizi ya Dunia kwenye ukanda wa kukalika (umbali kutoka kwenye nyota ambao maji yanaweza kubaki kimiminika), na tunazitafuta kana kwamba hakuna aliyewahi kuziona.

Vitu unavyohitaji

Darubini huhitaji. Nasema mapema maana swali hili haliishi. Data zimeshapigwa na setilaiti ya TESS ya NASA, iliyorushwa Aprili 2018, na ziko bure kwenye hifadhi inayoitwa MAST.

Unachohitaji ni hivi:

- Kompyuta yoyote yenye intaneti na brauza. Kama ni dhaifu tumia Google Colab, programu yako inaendeshwa kwenye mashine zao sio yako.
- Python kidogo, hiyo ni lugha ya kuandikia programu. Ukijua kunakili mstari na kubadili namba inatosha kuanzia.
- Programu inaitwa Lightkurve. Ndo itashusha data na kufanya karibu kila kitu.
- Daftari la karatasi, au faili la kuandikia. Sitanii. Utajaribu vipimo kumi tofauti na baada ya saa moja hutakumbuka grafu nzuri ilitoka kwa kipimo gani.
- Kikokotoo cha kawaida kwa hatua za mwisho.

Kuhusu lugha: nikisema mpito namaanisha sayari kupita mbele ya nyota yake na kuziba mwanga kidogo. Kina ni mwanga umepungua kwa kiasi gani. Kipindi ni siku ngapi kutoka mpito mmoja hadi unaofuata, yaani mwaka wa hiyo sayari. Grafu ya mwanga ni mchoro wa mwanga wa nyota kadri muda unavyokwenda.

Hatua ya 1: Elewa unachotafuta ni kidogo kiasi gani

Usiruke hii. Sayari kubwa kama Mshtarii ikipita mbele ya nyota kama Jua, mwanga unapungua asilimia 1 hivi. Dunia ikipita mbele ya Jua, mwanga unapungua sehemu 84 katika milioni. Milioni! Na itapita mara moja kwa mwaka, wakati TESS kwa kawaida inaangalia eneo moja la anga kwa siku kama 27 tu, ndo wanaita sekta, halafu inahamia kwingine.

Kwa hiyo Dunia pacha kwenye nyota kama Jua, kwa data hizi, sahau. Sio kwamba wewe hujui, ni hesabu zinakataa.

Njia ya kutokea ni kutafuta nyota ndogo, vibete vyekundu. Kina cha mpito kinategemea uwiano wa sayari kwa nyota, halafu uwiano huo unauzidisha kwa wenyewe. Ukipunguza nyota, sayari ileile inaonekana kubwa. Sayari ya saizi ya Dunia mbele ya nyota yenye nusu kipenyo cha 0.42 ya Jua inapunguza mwanga kama sehemu 480 katika milioni. Mbele ya TRAPPIST-1, ambayo ni ndogo zaidi, kama 0.12 ya Jua, inafika zaidi ya nusu ya asilimia moja. Na kwa kuwa nyota hizi ni baridi, ukanda wa kukalika uko karibu nazo, mwaka wa sayari unakuwa siku kadhaa au wiki chache badala ya siku 365. Unapata mipito mingi ndani ya muda mfupi.

Kuna kitu kingine lazima ukubali. Sayari nyingi hazipiti mbele ya nyota zake tukiangalia kutoka huku. Kwa mfumo kama wa Dunia na Jua, uwezekano wa mtu wa mbali kuona mpito ni karibu nusu ya asilimia. Nyota isiyoonyesha mpito haijathibitishwa kuwa haina sayari, imenyamaza tu.

Hatua ya 2: Zoeza mkono kwa sayari isiyojificha

Fungua daftari la Colab, andika:

```
!pip install lightkurve
import lightkurve as lk
import numpy as np

orodha = lk.search_lightcurve("WASP-18", author="SPOC", exptime=120)
mwanga = orodha[0].download()
mwanga.plot()
```

Hiyo `exptime=120` maana yake unataka data za kila sekunde 120. `SPOC` ni jina la mfumo wa NASA unaosafisha data kabla hazijakufikia. Ukiacha kuchagua, orodha itakuletea matoleo ya watu mbalimbali waliochakata data kwa njia zao, utachanganya na utashangaa kwanini grafu hazifanani. Hili peke yake limewatoa watu wengi kwenye reli.

Ukifanikiwa utaona: mstari mnene wa nukta, na chini yake vijino vinavyoshuka kila baada ya chini kidogo ya siku moja. Hiyo ni WASP-18 b, jitu la gesi, mwaka wake ni siku 0.94. Kina kama asilimia 1. Unaiona kwa macho bila hesabu yoyote.

Katikati ya grafu kuna pengo, usiogope. TESS inazunguka Dunia kila siku 13.7, na ikifika karibu inatuma data huku, kwa hiyo inaacha kupiga kwa muda. Weka hiyo namba 13.7 kichwani, itarudi kutusumbua.

Hatua ya 3: Kusafisha, hapa ndo sayari zinapofia

Sasa tulia hapa, maana asilimia kubwa ya maswali ninayopata yanazaliwa kwenye hatua hii.

Data mbichi zina nukta mbovu na mawimbi. Nukta mbovu zinaletwa na miale ya angani au setilaiti kutikisika. Mawimbi mengine ni ya nyota yenyewe, ina madoa na inazunguka, mengine ni ya kifaa. Vyote tunataka kuviondoa ili tubaki na mpito tu. Tatizo ni kwamba kompyuta haijui mpito ni nini, kwake hata mpito ni kasoro.

*Kosa la kwanza: kukata nukta za chini.* Amri ya `remove_outliers` ukiiacha ilivyo inakata nukta zilizo mbali na wastani, juu na chini. Mpito uko wapi? Chini! Kwa hiyo mpito wenye kina kirefu unakatwa kama uchafu. Ielekeze ikate za juu peke yake:

```
mwanga = mwanga.remove_nans().normalize()
mwanga = mwanga.remove_outliers(sigma_upper=4, sigma_lower=float("inf"))
```

*Kosa la pili, ndo baba yao: kupiga pasi kali mno.* Amri ya `flatten` inanyoosha mawimbi, ni kama pasi. Inachukua dirisha la nukta kadhaa, inachora mkunjo unaofuata umbo la nukta hizo, inagawanya. Usipoiambia kitu inatumia dirisha la nukta 101. Kwa data za sekunde 120, nukta 101 ni dakika 202, yaani saa tatu na ushee. Mpito wa sayari unachukua muda gani? Mara nyingi saa mbili hadi tatu na kitu! Dirisha na mpito vina urefu mmoja, kwa hiyo pasi inaona mpito kama wimbi tu na kuunyoosha. Grafu inatoka nzuri sana, imenyooka, haina kitu. Mi mwenyewe nilishafanya hivi wiki nzima kwenye nyota ambayo sayari yake inajulikana kabisa, nikawa najiuliza kama data zimeharibika.

Kanuni ninayotumia: dirisha liwe angalau mara tatu ya muda wa mpito unaoutegemea, mara tano au zaidi ni salama zaidi, na namba iwe witiri, maana programu ndo inavyotaka.

```
safi = mwanga.flatten(window_length=901)
```

Nukta 901 kwa sekunde 120 ni kama saa 30. Mawimbi ya siku kadhaa yanaondoka, mpito wa saa tatu unabaki.

Ila usinakili 901 kila mahali. Kama data yako ni ya kila dakika 10, nukta 901 ni zaidi ya siku sita, hapo pasi haigusi chochote. Fikiria kwa saa, halafu ndo ubadili kuwa nukta. Na kama nyota inazunguka haraka, mawimbi yake ya siku moja au pungufu, hakuna dirisha litakaloridhisha pande zote mbili. Kwa anayeanza ushauri wangu ni kuachana na nyota hiyo, ziko nyingi tulivu.

Ukifanikiwa utaona: mstari ulionyooka kwenye 1.00 na vijino bado vipo, kina kilekile. Pima: chora grafu kabla na baada ya kunyoosha, angalia jino moja. Kama lilikuwa asilimia 1 na sasa ni 0.4, pasi imekula. Ongeza dirisha, rudia.

Hatua ya 4: Kutafuta kipindi

Kwa WASP-18 macho yanatosha, kwa sayari ndogo hapana, inabidi kompyuta ijaribu vipindi maelfu na kuangalia ni kipi kinapanga vijino vyote mahali pamoja. Njia yake inaitwa BLS, inatafuta umbo la sanduku: mwanga uko juu, unashuka, unakaa, unapanda.

```
vipindi = np.linspace(0.5, 12, 20000)
bls = safi.to_periodogram(method="bls", period=vipindi, duration=[0.05, 0.1, 0.15])
bls.plot()
p = bls.period_at_max_power
t = bls.transit_time_at_max_power
safi.fold(period=p, epoch_time=t).scatter()
```

Mstari wa mwisho unakunja grafu, yaani unapanga mipito yote juu ya mwingine kama shuka zilizokunjwa.

Ukifanikiwa utaona: kilele kirefu kwenye 0.94, na grafu iliyokunjwa ina bonde moja safi katikati lenye chini bapa. Kama kilele kikubwa kimetokea 1.88 badala ya 0.94 sio kosa kubwa, umepata mara mbili ya kipindi. Gawanya kwa mbili ujaribu tena.

Usitafute kipindi kirefu kuliko data inavyoruhusu. Sekta moja ina siku 27, ukitaka kuona mipito mitatu mwisho wako ni siku 9 au zaidi kidogo. Miwili nayo naikubali kwa shingo upande. Mmoja ni hadithi.

Usibane sana idadi ya vipindi vya kujaribu. Hatua kati ya kipindi na kipindi ikiwa kubwa, kosa dogo linajirudia kila mzunguko, mpito wa kumi unakuwa umehama kabisa na jino linatawanyika. Data ndefu zinahitaji hatua ndogo zaidi, sio kubwa.

Hatua ya 5: Sasa kazi yenyewe, TOI-700

TOI-700 ni kibete chekundu, miaka ya nuru 100 hivi kutoka hapa, upande wa anga ya kusini. Iko karibu na eneo ambalo sekta za TESS zinapishana, kwa hiyo mwaka wa kwanza ilionekana kwenye sekta 11 kati ya 13. Ndo sababu nimeichagua. Sayari yenye mwaka wa wiki kadhaa huwezi kuipata kwa sekta moja hata uombe.

```
orodha = lk.search_lightcurve("TIC 150428135", author="SPOC", exptime=120, sector=list(range(1, 14)))
mwanga = orodha.download_all().stitch()
```

`stitch` inashona sekta pamoja, na kabla ya kushona inaweka kila moja kwenye wastani wake. Lazima iwe hivyo kwa sababu kila sekta nyota inaangukia sehemu nyingine ya kamera, mwanga unaosomeka hautalingana.

Safisha kama hatua ya 3, dirisha 901 linafaa hapa pia. Data ni nyingi, kwa hiyo kabla ya kutafuta zifungashe kwenye mafungu ya dakika 10 ili kompyuta isilale:

```
safi = mwanga.remove_outliers(sigma_upper=4, sigma_lower=float("inf")).flatten(window_length=901)
ndogo = safi.bin(time_bin_size=10/60/24).remove_nans()
vipindi = np.linspace(2, 45, 40000)
bls = ndogo.to_periodogram(method="bls", period=vipindi, duration=[0.08, 0.13])
```

Nenda kafanye shughuli nyingine, inachukua muda.

Ukifanikiwa utaona: kilele kikali karibu na siku 16.05. Hiyo ni TOI-700 c, nusu kipenyo chake zaidi ya mara mbili na nusu ya Dunia, kina zaidi ya sehemu 3,000 katika milioni. Watu wengi wanaishia hapa wakishangilia. Bado! Sayari yenye kelele inafunika wadogo zake. Ifiche, utafute tena:

```
ficha = bls.get_transit_mask(period=bls.period_at_max_power,
    transit_time=bls.transit_time_at_max_power, duration=0.3)
ndogo2 = ndogo[~ficha]
```

Muda wa kuficha nimeuweka mrefu kuliko mpito wenyewe makusudi. Ukibakiza kingo za mpito, BLS itaziokota tena na kukuletea sayari ileile ikiwa imevaa kofia.

Rudia utafutaji kwenye `ndogo2`, ficha kinachotoka, rudia tena. Unachosubiri ni kipindi cha 9.98, hiyo ni b, ya saizi ya Dunia, na kipindi cha siku 37.4, hiyo ni d. Hii d ndo tuliyoifuata. Ukiikunja kwa siku 37.4 kina ni kama sehemu 600 katika milioni, na nukta moja moja hazionyeshi kitu mpaka uzifungashe. Ndivyo sayari ndogo zinavyoonekana, usitegemee jino zuri kama la WASP-18.

Kuna na ya nne, e, siku 27.8, ilitangazwa 2023 baada ya TESS kurudi eneo lile na kuongeza data. Usipoiona kwenye sekta hizi za mwanzo usijilaumu.

Onyo la ile namba: ukiona kilele karibu na 13.7, au nusu yake, au mara mbili yake, kuwa na wasiwasi. Mwanga wa Dunia na Mwezi unaingia kwenye kamera kila mzunguko wa setilaiti, na kingo za data zinajikunja. BLS inaona kitu kinachojirudia na inakimbilia. Angalia kila mpito ulipo kwenye grafu ambayo haijakunjwa: ikiwa yote iko kandokando ya mapengo, tupa.

Hatua ya 6: Mhoji mtuhumiwa

Ulichonacho hapa ni mtuhumiwa, usiite sayari. Wadanganyifu wakubwa ni nyota pacha zinazofunikana zenyewe kwa zenyewe. Na pikseli moja ya TESS inafunika sekunde 21 za tao (kipimo cha pembe) angani, ni pana, nyota kadhaa zinaingia humo humo. Nyota pacha hafifu ya jirani inaweza kumwaga kivuli chake kwenye nyota yako na kikaonekana kidogo kama cha sayari.

Maswali ninayouliza, kwa mpangilio huu:

1. Mipito ya namba shufwa na ya namba witiri ina kina sawa? Kikitofautiana, inawezekana ni nyota mbili zinapokezana kuzibana, na kipindi halisi ni mara mbili.
2. Kuna bonde dogo la pili nusu njia kati ya mipito? Mara nyingi ni nyota pacha. Majitu ya gesi yenye joto kali nayo yanaweza kuonyesha kidogo, lakini sayari ndogo haiwezi.
3. Umbo ni bapa chini au ni kama herufi V? V kali inanitia shaka, ingawa sayari inayokwaruza ukingo wa nyota nayo inatoa V.
4. Muda wa mpito unaendana na nyota? Gawanya kipindi kwa 3.14, zidisha kwa nusu kipenyo cha nyota, gawanya kwa umbali wa sayari, vyote viwili kwa kipimo kimoja. Kwa TOI-700 d inatoka kama saa 3.4, na kipimo halisi ni saa 3 na kitu. Imepita. Ingetoka saa 9 ningejua kinachozibwa sio nyota hii.
5. Majirani ni akina nani? Angalia katalogi ya Gaia (orodha ya nyota zilizopimwa na setilaiti ya Ulaya) ndani ya dakika moja ya tao. Jirani angavu akiwepo kina chako si cha kuaminika, mwanga wake umechanganyika humo na sayari itaonekana ndogo kuliko ilivyo.

Ukishindwa swali moja kati ya mawili ya kwanza, achana nayo bila huruma.

Hatua ya 7: Ijue nyota kabla hujaisema sayari

Hii ndo hatua inayoamua kila kitu na watu wanaipa dakika mbili. Mpito haukuambii ukubwa wa sayari, unakuambia ukubwa wake *ukilinganisha na nyota*. Ukikosea nyota umekosea vyote.

Twende na hesabu. TOI-700: nusu kipenyo 0.42 ya Jua, uzito 0.415 ya Jua, joto la uso 3480 K (nyuzi za Kelvin). Kina 0.0006, kipindi 37.4.

*Ukubwa.* Mzizi wa pili wa 0.0006 ni 0.0245. Zidisha kwa 0.42, halafu kwa 109 kwa kuwa Jua ni mara 109 ya Dunia. Unapata 1.12. Saizi ya Dunia na kidogo juu.

*Umbali.* Kipindi kwa miaka: 37.4 gawanya 365.25 ni 0.1024. Zidisha kwa yenyewe, zidisha kwa uzito 0.415, chukua mzizi wa tatu. Unapata 0.163, yaani asilimia 16 ya umbali wa Dunia na Jua.

*Mwanga inaopokea.* Joto la nyota gawanya kwa 5772 (joto la uso wa Jua), matokeo yapandishe kipeo cha nne: 0.132. Zidisha kwa 0.42 mara 0.42, ni 0.0233. Gawanya kwa 0.163 mara 0.163. Unapata 0.88, yaani asilimia 88 ya mwanga ambao Dunia inapata.

Sasa fanya hesabu hizohizo ukijidanganya kwamba nyota ni kama Jua. Ukubwa unatoka 2.67, mwanga unatoka mara 21 ya Dunia. Data ni zilezile, mpito ni uleule, ila dunia ndogo yenye joto la wastani imegeuka kuwa tanuri la gesi. Na hii sio mfano wa kubuni, ndivyo ilivyotokea kweli: mwanzoni TOI-700 iliwekwa vibaya kwenye hifadhidata ya TESS, ikasomeka kama inafanana na Jua, sayari zikaonekana kubwa na za moto. Waliogundua kosa ni watafiti kadhaa na mmoja wao alikuwa bado mwanafunzi wa sekondari.

Kwa hiyo usichukue vipimo vya nyota sehemu moja. Linganisha katalogi ya TESS, Gaia, na ExoFOP ambako watafiti wanaweka vipimo vipya. Vikipishana sana, simama hapo mpaka ujue kwanini. Nyota ambayo rangi yake ni nyekundu na iko karibu lakini ni hafifu, katalogi ikikuambia ina saizi ya Jua, katalogi imekosea.

Hatua ya 8: Iko kwenye ukanda au haiko?

Ukanda wa kukalika ni eneo ambalo sayari yenye hewa inayofaa *inaweza* kuwa na maji ya kimiminika usoni. Kwa nyota kama Jua, mwanga wa kuanzia 1.1 hivi kushuka hadi 0.36 ya ule wa Dunia. Kwa kibete chenye 3480 K mipaka inashuka, kama 0.93 hadi 0.25, maana mwanga mwekundu unapasha hewa joto kirahisi zaidi na theluji haiurudishi vizuri. Ukitumia mipaka ya Jua kwenye kibete unaweza kuingiza sayari ambayo haistahili.

TOI-700 d yenye 0.88 imeingia. Ile c ina 2.7, nje kabisa, moto.

Angalia na ukubwa. Chini ya 1.6 ya Dunia uwezekano wa kuwa mwamba ni mkubwa. Ikishavuka 2, nyingi zina hewa nzito na unaweza usipate ardhi ya kukanyaga.

Na tafadhali, ukishafika hapa usiandike "wamepata Dunia ya pili". Zuhura ina karibu saizi ya Dunia na uso wake una joto la zaidi ya nyuzi 450. Mtu wa mbali akiipima kwa mpito asingejua. Vibete vyekundu vinalipuka sana vikiwa vichanga na vinaweza kuipeperusha hewa ya sayari. TRAPPIST-1 b, ambayo yenyewe iko karibu na nyota yake kuliko ukanda unavyoanzia, ilipopimwa na darubini ya James Webb mwaka 2023 haikuonyesha dalili ya hewa ya maana. Sentensi sahihi ni hii: *sayari ya saizi ya Dunia, kwenye ukanda wa kukalika, hewa yake haijulikani*. Uzito wake nao haujulikani mpaka mtu apime mtikisiko wa nyota kwa kifaa kikubwa, na huo ni mtikisiko wa sentimita kadhaa kwa sekunde hadi mita chache.

Hatua ya 9: Umepata kitu kisichojulikana?

Kwanza hakikisha kweli hakijulikani. Tafuta namba ya TIC (namba ya nyota kwenye katalogi ya TESS, kama ile 150428135 ya TOI-700) kwenye ExoFOP na kwenye NASA Exoplanet Archive. Mara nyingi utakuta mtu keshakiona, na hata hapo hujapoteza, umethibitisha njia yako inafanya kazi.

Kama hakipo, jisajili ExoFOP na ukiweke kama mtuhumiwa wa jamii. Watakaokisoma watataka: namba ya TIC, kipindi na makadirio ya kosa lake, muda wa mpito wa kwanza kwa kalenda ya TESS, kina, muda wa mpito, sekta ulizotumia, na majibu ya yale maswali matano. Muda wa TESS unahesabiwa kwa siku za Julius (hesabu ya siku mfululizo ya wanaastronomia) ukitoa 2457000, usisahau kutaja hivyo, maana ukipeleka namba tupu mwenye darubini ataelekeza usiku usio sahihi.

Toa na utabiri: mpito unaofuata ni lini. Angalia kama TESS imerudi kwenye nyota hiyo kwenye sekta mpya, shusha, nenda moja kwa moja kwenye tarehe uliyotabiri. Kama jino lipo palepale, kina kilekile, una kitu mkononi. Kama halipo, rudi hatua ya 3 na uangalie dirisha la pasi yako.